Kompyuta ya gemu: uchukue iliyofungwa dukani au ufunge mwenyewe?

Nilikuwa na milioni mbili na laki sita mkononi, na mke aliyekwisha kuniuliza, kwa upole unaotisha, kama pesa hizo hazitoshi kumalizia bati la uani. Nikamjibu kuwa nanunua mashine ya kazi. Nusu yake ni kweli. Mchana nahariri video za harusi na sendofu hapa Tanga, usiku nacheza gemu. Kazi ndiyo iliyotoa bajeti, gemu ndizo zilizopanga vigezo.

Vijana wa mtaani wakiona mashine yangu wananiuliza swali lile lile: wanunue iliyofungwa tayari au wakusanye vifaa wafunge wenyewe? Jibu langu la leo si lile nililokuwa nalo wakati nanunua, kwa hiyo nitaanzia mwanzo.

Boksi la ofisini

Kabla ya hapo nilikuwa na boksi la ofisini, yaani kompyuta ya mezani ya kazini, mtumba kutoka Ulaya: Core i7-4770, prosesa (ubongo wa mashine) ya mwaka 2013, RAM (kumbukumbu ya muda) GB 16, nililolichukua Ngamiani kwa laki tatu na nusu. Nikalichomekea kadi ya grafiki, ile inayochora picha za gemu, GTX 1050 Ti, ambayo inakula wati 75 tu na umeme wake wote inaupata kwenye sloti ya mazabodi, ule ubao mkuu vinakochomekwa vifaa vyote, bila waya wa ziada. Pale sebuleni zilichezwa ligi za FIFA zilizoleta ugomvi wa kweli kati ya majirani, na GTA V ilikwenda bila kukwama. Kwa pesa ile sijapata tena thamani kama hiyo.

Kwa hiyo kama bajeti yako haijafika milioni moja, mjadala wa kufunga mwenyewe uache kwanza. Tafuta boksi la ofisini lenye Core i5 au i7 ya kizazi cha nane kwenda juu, utie kadi ndogo isiyohitaji waya. Nasema kizazi cha nane kwa sababu hapo ndipo Windows 11 inapoanza kuzikubali prosesa za Intel, na Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Boksi likiwa jembamba, hakikisha kadi ni ya nusu kimo, la sivyo mfuniko haufungi.

Lililonishinda ni kulikuza. Nilipotaka kadi kubwa zaidi nikafungua ubavu na kukuta pawasaplai, kifaa kinachogawa umeme ndani, ya wati 290 isiyo na waya wowote wa kadi. Plagi inayoingia kwenye mazabodi haikuwa ile ya pini 24 unayoikuta kila duka, ilikuwa na umbo la kampuni yenyewe. Pawasaplai ya kawaida haingii bila waya maalumu wa kuagiza, na mazabodi yenyewe haikai kwenye keisi (kasha) nyingine. Kila kilichomo kilikuwa kizima, ila hakuna kilichoweza kuhama.

Hapo ndipo nilipopata swali ambalo mpaka leo naliweka mbele ya lile la dukani au kujifungia: kitu kimoja kikifa humu ndani, kingine nakipata wapi, na nakipata kwa nani?

Kariakoo, na kioo chenye taa

Mpwa wangu anasoma Dar, ndiye aliyenipokea. Hatujafika tulikokuwa tunakwenda, winga ameshatushika mkono. "Bosi, kompyuta za gemu? Twende nikupeleke kwa mwenyewe." Tukaenda, maana na sisi tulitaka kuona.

Mashine ilikuwa inapendeza, sitasema uongo. Kioo ubavuni, feni zinawaka rangi saba, na karatasi imebandikwa: i7, RAM 16, SSD 512, grafiki GB 8, milioni moja na laki nane. Nikauliza i7 ya kizazi cha ngapi.

"Kaka, hii ni i7. Inapiga kila kitu."

"Sawa, lakini ni i7 ipi?"

"Kaka, wateja wote wanachukua hii."

Mpwa wangu akaomba kiboodi, akafungua sehemu ya taarifa za mfumo. Ilikuwa i7-3770, prosesa ya mwaka 2012, imewekwa kwenye mazabodi mpya isiyo na jina linalojulikana. Grafiki ya GB 8 ilikuwa RX 580, lakini ile ya aina ya 2048SP. RX 580 kamili ina vichakato vidogo 2304. Yenye 2048 kwa kweli ni RX 570 iliyovalishwa jina la kaka yake. Hakuna aliyesema uongo kwenye karatasi ile. i7 ni i7, GB 8 ni GB 8. Ila mtu anayesoma karatasi anajenga picha ya mashine ya kisasa, na muuzaji anamwacha aijenge.

Niliomba ubavu wa pili ufunguliwe niione pawasaplai. Uso wa muuzaji ukabadilika. Ilikuwa nyepesi mno, imeandikwa wati 600 kwa maandishi makubwa, na pale panapotakiwa kuonyesha ampea za laini ya volti 12, ile inayolisha prosesa na kadi, hapakuwa na kitu cha maana. Tukashukuru, tukatoka.

Duka la pili, upande wa Posta, lilikuwa jambo jingine. Kijana aliyetuhudumia alifungua keisi kabla hatujaomba. Core i5-12400F, RTX 3060 ya GB 12, NVMe (diski ya kasi) ya GB 512, pawasaplai yenye cheti cha matumizi mazuri ya umeme cha 80 Plus Bronze, leseni halali ya Windows, risiti ya EFD (ya mashine ya kodi), waranti ya mwaka. Vifaa vyote vya kawaida, kila kimoja unaweza kukitoa na kukiweka kwingine. Milioni tatu na laki moja. Kasoro niliyoiona ni RAM GB 16 iliyowekwa kijiti kimoja badala ya viwili vya GB 8, jambo linaloipunguzia prosesa njia ya kupitishia data, na kwenye gemu unaliona. Nikamwambia, akasema anabadilisha bila tatizo.

Nilikaribia sana kuichukua.

Kulikuwa na njia ya tatu pia. Shemeji yangu anaishi Marekani na alikuwa anakuja Desemba. Kule mashine zilizofungwa tayari ni rahisi kuliko Dar. Jambo lililonitisha lilimpata rafiki yangu wa Muheza. Aliletewa mashine kutoka kule, akaichomeka, ikatoa mlio kama fataki na harufu ambayo haikutoka chumbani mpaka kesho yake. Nyuma ya pawasaplai kulikuwa na swichi nyekundu iko kwenye 115. Sisi umeme wetu ni volti 230. Pawasaplai nzuri za siku hizi zinajirekebisha zenyewe na kwenye lebo zimeandikwa 100-240V. Za bei nafuu bado zina swichi, na swichi inakuja ilivyowekwa kiwandani. Ukiletewa mashine kutoka Marekani, soma lebo kabla hata ya kutafuta soketi. Halafu kuna uzito: keisi ya kioo na kadi kubwa ndani hufika kilo 12 au zaidi, ndani ya begi linaloruhusiwa kilo 23. Shemeji ana watoto watatu wa kuwabebea zawadi. Nikaona haya kumwomba.

Kwa nini nilifunga mwenyewe

Si kwa sababu ya bei. Watu wanafikiri ni bei, na mimi nilikwenda Dar nikifikiri hivyo. Hesabu yangu ilikuwa hii: prosesa Ryzen 5 5600 ya kwenye boksi, ikiwa na feni yake, 420,000. Mazabodi ya B450, 230,000. RAM vijiti viwili vya GB 8, 150,000. NVMe ya TB 1, 210,000. Pawasaplai ya wati 650 yenye 80 Plus Bronze, 240,000. Keisi yenye feni tatu, 190,000. Kadi RTX 3060 GB 12 iliyotumika, 720,000. Jumla 2,160,000.

Ukiitazama ile ya milioni tatu na laki moja unasema nimeokoa karibu milioni. Lakini kadi yangu ni mtumba. Mpya ingeongeza kama laki tatu. Leseni ya Windows 11 Home inauzwa dola 139 kwa bei ya kampuni, ambazo ni laki tatu na nusu na ushee kwa bei ya dola ya wakati ule. Toa hizo. Kinachobaki hakifiki laki tatu, na hicho ndicho malipo ya mtu kukufungia, kukupimia, na kubeba lawama mwaka mzima. Huo si wizi. Naandika hivi kwa sababu nimewasikia wengi wakiwaita wauzaji wa mashine zilizofungwa majambazi, bila kuhesabu.

Kilichoniamulia ni barabara. Tanga hadi Dar ni kama kilomita 350. Waranti ya duka la Posta ingenitaka nipeleke boksi zima la kioo, kwa basi, kwa kondakta ambaye ana mizigo ya watu wengine ya kupanga juu yake. Ukiwa na vifaa ulivyovikusanya mwenyewe, kila kimoja na risiti yake na boksi lake dogo, kinachoharibika ndicho kinachosafiri. RAM inaingia kwenye bahasha. Ningekuwa naishi Ilala, nadhani ningeichukua ya dukani siku ile ile.

Kadi iliyotumika

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo pesa nyingi zinapopotelea.

Tarehe 15 Septemba 2022 mtandao wa Ethereum uliachana na uchimbaji wa sarafu kwa kadi za grafiki. Waliokuwa na mashine zilizojaa kadi wakazimwaga sokoni, na sehemu ya mzigo huo imefika hadi huku. Kila muuzaji atakwambia kadi yake haijawahi kuchimba. Mimi siulizi tena. Kadi iliyochimba ikatunzwa vizuri inaweza kuwa nzima kuliko ya mtoto aliyeifungia kwenye keisi isiyo na hewa. Kipimo ndicho kinachosema.

Nilikwenda na pendraivu yenye programu mbili za bure, GPU-Z na FurMark. Ya kwanza inasoma kadi ni ipi hasa. Kuna kadi za zamani sana zilizobadilishwa BIOS (programu ya ndani inayokiwasha kifaa) zijiite GTX 1050 Ti. GPU-Z nyingi kati ya hizo inazikamata na kuandika FAKE mbele ya jina. Ya pili inaikamua kadi mpaka mwisho. Iache kama robo saa huku unaangalia joto na kusikiliza feni. Picha ikianza kutoa vidoa au mistari, au skrini ikizima, mazungumzo yameisha. Chomeka monita kwenye kila tundu la kadi, moja baada ya jingine, usiridhike na moja. Tazama skurubu za nyuma kama zimewahi kuchokonolewa.

Muuzaji wa kwanza alikataa kuipima. "Kadi ni nzima, mzee, wewe lipa, ikisumbua rudisha." Nikamwambia natokea Tanga. Akacheka, na mimi nikacheka, nikaondoka. Wa pili aliichomeka kwenye mashine ya mezani kwake na kutuletea na viti. Huyo ndiye aliyepata laki saba na elfu ishirini zangu, na bado nampelekea wateja.

Skrini nyeusi

Tulifunga sakafuni, kwenye vigae, mimi na mpwa wangu aliyekuja likizo. Usifanyie kwenye zulia. Umemetuli ni adui usiyemwona, kwa hiyo shika chuma cha keisi kila baada ya muda. Prosesa za soketi ya AM4, kama hii Ryzen yangu, zina pini zake chini ya prosesa yenyewe, na pini moja ikipinda unaweza kupoteza laki nne. Inateremshwa, haikandamizwi. Unainua wenzo, unalinganisha pembetatu ya dhahabu, unaiachia ikae kwa uzito wake. RAM mbili zinakaa sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka upande wa prosesa. Mengine ni bisibisi na subira, na video za kuonyesha zimejaa mtandaoni, sitarudia.

Tukabonyeza swichi. Feni zikazunguka, taa zikawaka, skrini nyeusi.

Sijui kama nitaweza kueleza usiku ule vizuri. Milioni mbili zinazunguka feni mbele yako na hazionyeshi kitu. Tulitoa RAM tukarudisha, tukajaribu kijiti kimoja kimoja, tukabadilisha waya wa monita, tukachomoa betri ya BIOS. Mke wangu alipita akatazama, hakusema neno, na kutosema kwake kulikuwa kuzito kuliko swali lolote.

Asubuhi nikapiga simu. Aliyeniuzia prosesa akasema mazabodi ni mbovu. Aliyeniuzia mazabodi akasema prosesa ndiyo mbovu. Wote wawili walikuwa na adabu na wote wawili walikuwa na hakika. Hii ndiyo bei ya kufunga mwenyewe ambayo haiandikwi popote: kila muuzaji anajua kifaa chake, na hakuna aliyekuuzia kompyuta. Duka la Posta lingesema, lete tuone.

Chanzo kilikuwa tarehe. Bodi za B450 zilitoka mwaka 2018. Ryzen za familia ya 5000 zikaanza kutoka Novemba 2020, na hii 5600 yenyewe ni ya Aprili 2022. Soketi ni ile ile, prosesa inaingia bila kusukumwa, lakini BIOS iliyopakiwa kiwandani kabla ya hapo haiitambui. Muuzaji alikuwa ametuambia bodi "inakubali zote", na ni kweli inakubali, baada ya kusasishwa. Kusasisha kunahitaji mashine iwake, na kuwaka kunahitaji prosesa ya zamani, ambayo Tanga nzima sikumpata mtu wa kuniazima.

Bodi ikapanda basi. Mpwa wangu, aliyekwisha kurudi chuo, akaipokea na kuipeleka kwa muuzaji, wakaiwekea Ryzen ya zamani, wakasasisha, ikarudi. Nauli ya mzigo kwenda na kurudi, pamoja na fundi, kama elfu hamsini. Ikawaka mara moja.

Kuna njia mbili za kulikwepa hili. Ya kwanza ni kununua mazabodi yenye kitufe cha BIOS Flashback, ambacho husasisha kwa pendraivu hata bila prosesa. Ya pili, ambayo ndiyo naipenda, ni kununua prosesa, mazabodi na RAM duka moja, na kutaka viwashwe pale pale mezani kabla hujalipa. Dakika kumi. Anayekataa, kuna duka la jirani. Na usidhani BIOS ni shida ya mazabodi za zamani peke yake: mwaka 2024 Intel yenyewe ilikiri kuwa baadhi ya prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zikipewa volti kupita kiasi na kuharibika, ikatoa marekebisho Agosti mwaka huo, nayo yanaingia kwa kusasisha BIOS. Ukinunua i7 au i9 ya vizazi hivyo ikiwa imetumika, fanya hilo kabla ya gemu yoyote.

Ilipowaka, kulibaki vitu vidogo ambavyo nimeona watu wakikaa navyo mwaka mzima bila kujua. RAM ya kasi ya 3200 mara nyingi huanza kwa 2133 mpaka uingie BIOS na kuwasha XMP, mpangilio unaoipa kasi yake kamili. Waya wa monita uchomekwe kwenye kadi, si kwenye mazabodi. Jirani yangu aliilaumu kadi yake kwa wiki nzima na ilikuwa haitumiki. Na monita ya hezi 144 (picha 144 kwa sekunde) Windows mara nyingi huiweka 60 mpaka uibadilishe kwa mkono. Hayo yote ni bure. Kumbuka pia kuwa Ryzen 5 5600, na Intel zenye herufi F mwishoni kama ile i5-12400F, hazina grafiki ya ndani. Kadi ikifa, huna hata picha ya kusomea barua pepe. Mimi ninayetegemea mashine kwa kazi nilitakiwa kulipa uzito zaidi hilo, na 1050 Ti ya zamani iko kabatini kwa ajili hiyo tu.

Umeme

Wanaoandika kuhusu kompyuta hizi wakiwa Ulaya hulipa jambo hili mstari mmoja. Huku ndiyo nusu ya mashine.

Siku za mwanzo nilikuwa nikigusa keisi natekenywa. Fundi wa umeme akapima akakuta soketi ya chumba kile ina tundu la athi lakini waya wa athi, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, haukufika popote. Nyumba nyingi za kupanga ziko hivyo. Elfu themanini, na ndiyo pesa niliyoitoa bila kinyongo kuliko zote.

Halafu UPS, boksi la betri linaloshikilia mashine umeme ukikatika. Nilichukua ya VA 1200 kwa laki mbili na themanini. VA si wati: UPS nyingi za VA 650 hutoa wati 360 hivi au 390. RTX 3060 peke yake inaweza kuvuta 170, prosesa inaongeza 70 na kitu, weka mazabodi, feni, diski na monita, umeshavuka 300, na umekaribia kikomo chake. Kwenye UPS ndogo, umeme ukikatika katikati ya mechi mashine inaweza kuzima nayo, na umenunua boksi la kupiga kelele. Hata kubwa haikupi muda wa kumaliza mechi. Inakupa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kwa heshima, na inameza ule mshtuko umeme unaporudi, ambao ndio unaoua pawasaplai. Kama eneo lenu umeme unashuka na kupanda mchana kutwa, stebilaiza, kifaa cha kusawazisha volti, itangulie mbele ya UPS.

Hili liingie kwenye bajeti kabla hujachagua kadi. Mtu mwenye milioni mbili ana milioni moja na laki sita za kompyuta. Zinazobaki ni za umeme.

Chumvi ya bahari nayo ipo, skurubu za keisi yangu zimeanza kutu upande wa dirishani. Nafungua na kupuliza vumbi mara kwa mara, nafunika mashine ikiwa imepoa. Sijagundua siri nyingine.

Aliyenunua ya dukani

Rafiki yangu mwingine, anafanya kazi benki Dar, alikwenda duka lile lile la Posta kwa ushauri wangu na akachukua iliyofungwa. Kadi yake ilikufa kabla mwaka haujaisha. Aliibeba mashine kwenye buti la gari wakati wa chakula cha mchana, akakaa bila kompyuta kwa muda uliomkera, akapata kadi mpya bila kutoa shilingi. Kipindi hicho hicho feni moja ya kadi yangu ikaanza kukwaruza. Mimi sikuwa na waranti, ila nilijua kufungua. Feni ya kuagiza ilinigharimu 35,000, na nilisubiri mzigo wa agenti kutoka China huku nikihariri harusi ya watu kwa kadi ya kabatini.

Kila mmoja wetu alimhurumia mwenzake.

Ukinunua sasa

Tangu mwishoni mwa 2025 bei za RAM zimepanda vibaya duniani kote. Viwanda vinaelekeza chipu zao kwenye vituo vya data vya akili unde, na Desemba 2025 Micron ilitangaza kuwa inaacha kuwauzia watu wa kawaida RAM na SSD zake za Crucial. Ile laki moja na nusu niliyolipia vijiti viwili ni hadithi ya zamani. Anayekusanya vifaa leo analipa bei ya leo kwenye kila kijiti, wakati mashine iliyofungwa miezi kadhaa nyuma bado inaweza kuwa imekaa kwenye rafu na bei yake ya zamani. Hesabu iliyokuwa karibu sawa kwangu imeelemea upande wa dukani, na kwa anayetaka DDR5, RAM ya kizazi kipya, imeelemea zaidi, maana soketi ya AM5, ya Ryzen mpya, haikubali DDR4 ya zamani kabisa.

Kwa hiyo anayeniuliza sasa namwambia atembelee maduka kwanza, aombe ubavu ufunguliwe, asome lebo ya pawasaplai, aulize prosesa kwa namba yake kamili na kadi kwa jina lake kamili, ahakikishe plagi ya mazabodi ni ya pini 24, na adai risiti ya EFD. Ikipita hapo, aichukue.

Mpwa wangu amemaliza chuo, amepata kazi, na amenipigia akitaka nimfungie mashine. "Mjomba, wewe ndiye fundi wetu." Nimemwambia aende Posta achukue iliyofungwa, wambadilishie kile kijiti kimoja cha RAM wampe viwili, wampimie mbele yake, na asitie mguu kwenye bajaji kurudi nyumbani kabla hajanunua UPS.